Muulize Alikula na Nani

Zwolle, 12 Juni

Mdogo wangu Hanneke,

Sisi hatujambo, ila mvua imetuandama. Umeuliza umnunulie mwanao Bram nini kabla hajaanza sekondari. Mnunulie suruali ya mvua na kufuli mbili za baiskeli, maana moja ataipoteza. Alama zake za mitihani zikitokea kwenye simu yako kupitia programu ya shule, nyamaza kwanza, mwache akuambie mwenyewe.

Kuna jambo sikukwambia mwaka jana. Binti yangu Jorien alikuwa akirudi kutoka shuleni na mkate wake wa jibini haujaguswa, nami nikawa namfokea kuwa anadeka. Siku moja nilimpelekea raba za michezo alizosahau, nikamkuta saa ya chakula amejikunyata peke yake kwenye ngazi.

"Mbona huli na wenzako?"

"Nikikaa, wasichana wa darasa letu wanahama meza. Mama, usimwambie mtu!"

Nililia njia nzima juu ya baiskeli. Jioni sikumhubiria. Nilimwomba tumwendee mwalimu wake wa darasa pamoja, na baada ya siku mbili akakubali. Mwalimu alizungumza na wale wasichana, kisha akamwingiza Jorien katika kundi linalochora mapazia ya jukwaa la maigizo ya shule. Ilichukua miezi, Hanneke, si siku.

Kwa hiyo usimuulize Bram kama shule ilikuwa nzuri. Atasema ndiyo tu. Muulize alikula na nani. Juzi nilimuuliza Jorien, akanijia juu: "Mama, tulikuwa tisa! Niwataje wote?"

Sijawahi kufurahia kukemewa kama siku hiyo.

Dada yako akupendaye,
Tineke