Fundi wa Paa Anachechemea Mguu Mzima

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie bila kunicheka. Mimi ni mwalimu wa yoga, nafundisha waliovunjika na kuteguka, katika chumba nyuma ya zahanati kinachotosha mikeka minane tu, na kanuni yangu ni moja, ukisimama kwa mguu ulioumia mpaka nihesabu ishirini, umepona, mpishe mwingine. Sasa kuna fundi wa paa, alianguka akavunjika mguu wa kulia, amepona kitambo nami najua, maana kila nikihesabu anasimama imara mpaka kumi na nane, halafu anajiangusha mkekani huku akiguna, na Jumanne iliyopita aliingia akichechemea mguu wa kushoto, darasa zima likajifunika taulo usoni lisionekane linacheka, nilipomuuliza vipi akanijibu bila haya, "Mwalimu, huu mguu una siku zake," nami nikaendelea na somo. Kosa ni langu, maana akikosekana darasa linapoa, kuna mama mmoja aliyeumia nyonga, hanyooshi hata kidole mpaka fundi amtanie, na mimi mwenyewe nikiri, nafurahi kumwona pale. Ila nje anasubiri dada mshonaji, bega limekakamaa, huu mwezi wa pili namwambia hakuna nafasi, na juzi nilimwona akihangaika kufunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, nikaona aibu. Nimtoeje fundi bila kumvunja moyo?

Mwalimu wa Mikeka Minane

Pole mwalimu, lakini lazima nikugombeze. Wiki zote hizo unahesabu, hujajiuliza kwa nini anaanguka ikifika kumi na nane? Siku akitimiza ishirini anarudi wapi? Juu ya paa. Huyo anaogopa, mwenzangu, na wewe kwa kufurahia utani wake umemwacha na hofu yake, huku bega la dada wa watu likizidi kukaza.

Jumanne mpe mshonaji mkeka, asubuhi hiyohiyo. Darasa likiisha, azima ngazi ya zahanati, uiegemeze ukutani, umwambie fundi, "Mguu umepona. Bado hofu." Apande kidato kimoja, apumue, umhesabie ishirini, ashuke. Wiki ijayo viwili. Mama wa nyonga atazoea, asipozoea fundi aje kumtania akiwa amekaa kwenye kiti.

Na kama huyo bwana anakufurahisha kupita darasa, mwambie pia. Ila subiri kwanza ashuke ngazi.