Watu Tisa wa Nyumbani

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Kifua kimepoa? Usioge maji ya baridi asubuhi, nakujua. Huku tupo, ukimtoa baba yako, nitakufikia huko mbele. Bibi yako anakusalimu, macho ndiyo hayaoni tena lakini mdomo unaona kila kitu. Shangazi yako anakusalimu, miguu inamvimba bado. Baba yako mdogo anakusalimu, alipita mwezi juzi. Mdogo wako Kasuku anakusalimu, anasema umletee kalamu za rangi na kama hakuna rangi basi ulete hata wewe mwenyewe. Binamu zako mapacha wanakusalimu kutoka huko walikohamia. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, na mume wake pia.

Sasa keti. Unajua baba yako alipata kiharusi pale karakana, nilikuandikia. Upande wa kulia umelala. Maneno anayo kichwani, yakifika mdomoni yanakwama, anakasirika, analia. Baba yako analia, mwanangu, yule aliyepigilia mbao miaka yote bila hata kuguna.

Ijumaa akaja mtu kitandani kwake hospitalini. Siyo daktari, siyo nesi. Msichana wa rika lako, miwani, viatu vya raba, faili kifuani. Akasema yeye ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mama wa kitanda cha pili akaninong'oneza, "Chunga mdomo wako. Hao ndio wanaochukua watoto kwa watu waliolemewa." Nikaganda. Nikamfikiria Kasuku, wiki mbili hizi anakula kwa jirani na shule anakwenda siku anayotaka.

Ofisa akauliza, "Mama, nyumbani nani atamsaidia mzee?"

Nikasema tupo wengi. Akasema, nitajie. Nikamtajia wote, mmoja mmoja, mpaka na wewe. Akaandika: watu tisa. Akatabasamu, "Mzee ana bahati." Basi Ijumaa ya tarehe 15 anaruhusiwa, na Jumatano kabla yake niwalete wawili wenye nguvu wafundishwe kumnyanyua.

Wawili gani? Mgongo wangu unaujua. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kiwandani kwenu najua simu zinakatazwa, ndiyo maana namfukuzia dereva wa basi na barua. Nishauri.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimetulia. Mpe baba pole yangu, mshike mkono wa kushoto ndipo umwambie, asikie.

Mama, nimecheka halafu nimelia. Wewe umemjibu ofisa kama unaniandikia mimi barua! Umemhesabia wanaosalimu. Bibi atamnyanyua baba kwa macho gani? Baba mdogo yuko safari ya siku nzima. Mapacha hata hawapo mji huo. Mimi mwenyewe niko huku nashona mifuko ya suruali. Toa hao wote, anabaki nani? Wewe na Kasuku.

Rudi kwa yule ofisa umwambie. Hachukui watoto kwa sababu mama amechoka. Mwenzangu wa mashine ya jirani, mama yake alipovunjika nyonga, ofisa wa namna hiyo ndiye aliyehangaika mpaka kikapatikana kiti cha magurudumu. Kazi yao ni kujua mgonjwa anarudi kwenye nyumba ya namna gani. Akijua uongo, atapanga uongo.

Mimi nakuja mwisho wa mwezi. Nimeshaomba ruhusa. Safari hii kweli.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima wa kujikongoja. Wanaokusalimu ni wale walio chini ya bati hili tu: mimi, baba yako, bibi yako, Kasuku. Wengine watakuandikia wenyewe.

Barua yako dereva aliileta Ijumaa saa kumi, baba yako ameshafika nyumbani tangu saa sita. Usinigombeze. Jumatano ile niliogopa, nikaenda karakana nikaazima mafundi wawili, yule Kipara na mwenzake mrefu. Nikasema ni shemeji zangu. Mtaalamu wa mazoezi akawafundisha: magoti yakunjwe, mgonjwa akumbatiwe, hesabu tatu. Kipara akamwambia baba yako, "Mzee, kabati zito tumebeba, wewe nani?" Baba yako akacheka upande mmoja. Ofisa akafurahi, akatia sahihi. Nikajiona mjanja.

Shemeji za kuazima walirudi kazini kwao. Jumapili asubuhi baba yako akataka kwenda chooni mwenyewe, akateleza kwenye ngazi ile ya mlango wa nyuma. Mimi na Kasuku tukavuta, tukashindwa. Mgongo ukanikatika. Jirani na mumewe wamesafiri. Tukamtilia mto, tukamfunika, Kasuku akakimbia kuwatafuta mafundi. Akawapata saa nane. Saa zote hizo baba yako yuko sakafuni ananiangalia. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia.

Jumatatu nikaenda kwa ofisa, sikungoja hata foleni. Nikasema, "Mwanangu, nilikudanganya." Nikamweleza wote tisa. Nilidhani ataita askari. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kosa langu pia, mama. Niliuliza nani yupo, sikuuliza saa ngapi."

Jana akaja nyumbani. Akapima ile ngazi kwa utepe. Akaenda mwenyewe chooni akiwa amejifunga mkono wa kulia kwa mtandio wangu, ili aone inavyokuwa. Akagonga kichwa! Kasuku akacheka, nikajua sasa atamuuliza habari za shule. Akamuuliza, "Shule umekosa siku ngapi?" Kasuku akasema nane. Ofisa akasema, "Kesho urudi. Mwalimu wako nitaongea naye mimi." Basi, hilo tu. Nimeogopa kitu hicho wiki tatu.

Akachora upya karatasi. Nani, siku gani, saa ngapi. Nesi wa majumbani, Jumanne na Ijumaa asubuhi. Kipara, jioni akitoka kazini, amekubali mwenyewe. Shangazi yako, kupika Jumamosi akiwa amekaa. Wote kwa kalamu ya wino. Tulipofika kwako nikasema binti yangu anakuja mwisho wa mwezi.

Akauliza, "Alishawahi kusema anakuja?"

Nikasema ndiyo.

"Mara ngapi?"

Nikatazama dirishani. Akaweka kalamu chini, akakuandika kwa penseli.

Sasa sikiliza. Wodi ya mazoezi kuna kitanda kitafunguka Jumatatu. Huko wanawafundisha wagonjwa wa kiharusi kutembea tena na kusema. Kitanda wanapewa wasio na mtu mzima mwenye nguvu nyumbani. Ukija kweli, utakuwa mtu huyo, kitanda kitampata mwingine, na ni haki yake, na sisi wawili tutamwinua baba yako hapa hapa. Usipokuja, ofisa atakifuta hicho cha penseli na kitanda atakigombania baba yako. Lakini nikimwambia unakuja halafu usije, tumekosa huku na huku.

Sikulaumu. Hata kama hiyo ruhusa hukuiomba, sikulaumu, mimi nimedanganya watu tisa. Usiniandikie la kunifurahisha. Andika neno moja tu, nakuja au siji, umpe dereva huyu huyu kabla hajageuza gari, lifike kabla ya Jumatatu. Upesi, mwanangu.

Mama yako