Marahaba ya Rajabu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimeanika dagaa. Kuku wamekula. Mjukuu wangu Filibeti hajarudi ziwani tangu jana.

Jioni wavuvi wameuleta mtumbwi wetu wa injini, wanauvuta kwa kamba, mjukuu wangu ndani anatetemeka. Mafuta yalimwishia katikati ya ziwa, akalala majini. Geji mpya ya mafuta inasema tangi limejaa. Njia nzima mshale haukushuka, naye akafurahi, eti injini haili mafuta. Mjinga wangu. Ana homa, kifua kinapiga filimbi. Sina mwingine.

Geji aliifunga fundi Rajabu. Atanijua. Herufi zangu za kisomo cha ngumbaru zimepinda leo. Hasira.

Jumanne, 7 Machi
Rajabu kaja. "Shikamoo bibi." Nimenyamaza. Wanaopakia dagaa wa kambi za wakimbizi Ngara wakaacha magunia, wakatazama. Karudia. Nikatema mate pembeni.

Kasema shida ni boya la ndani ya tangi. Kaweka jingine. Waya wa geji hakugusa. Kesho atajaribu majini.

Jumatano, 8 Machi
Alfajiri nimeyatoa mafuta ya tangi, nimeyatia kwenye dumu, nimebakiza ya kumfikisha mbali tu. Geji ikiwa nzima, itamwambia. Ikiwa ya uongo, naye akalale majini.

Rajabu kawasha injini. Limejaa, inasema geji. "Umeona, bibi? Imepona." Nimeona. Akaelekea ziwani. Nikala ugali wangu, mtamu.

Upepo ukaanza. Huko mbali injini ikanyamaza. Nikacheka peke yangu.

Kisha Filibeti akatoka na blanketi lake, kasia mkononi. "Bibi, yule hajui kuogelea." Anakohoa, anasukuma mtumbwi wa jirani. Nimemnyang'anya kasia. Nimeingia mimi, na dumu, na mgongo huu.

Nimemkuta Rajabu kalala kifudifudi chini ya mbao za kuwekea magunia. Alichomoa waya kwenye tangi, mshale ukabaki juu. Ndipo akaufuata waya wenyewe. Magunia yetu yameusugua, umechubuka, unagusa chuma. "Jana nilibahatisha, bibi." Akaliona dumu. Akanitazama. Akamimina ya kuturudisha tu.

Alhamisi, 9 Machi
Kapitisha waya mpya juu, mbali na magunia. Mshale ukalala chini. Nikamimina mafuta polepole, ukapanda nayo.

Filibeti kanywa uji wote.

Rajabu akapita na mfuko wake wa spana. "Shikamoo bibi."

Nilikuwa nageuza dagaa. "Marahaba, baba. Kaa ule kwanza."