Mgeni Ninayemwogesha Kila Ijumaa

Kambi ya Mgodi, jirani na Songwa,
Shinyanga.

Mke wangu Mama Zubeda,

Kwa barua hii mimi Ramadhani, mlinzi wa zamu ya mchana, natangaza rasmi mbele yako, mbele ya mama mkwe, na mbele ya yeyote anayechungulia juu ya bega lako wakati huu, kwamba yule mgeni uliyesikia ninamwogesha kila Ijumaa, ninampikia nyama na kumchana nywele, ni mbwa. Ni dume. Ametoka Ulaya. Wala hatujawahi kulala chini ya paa moja. Aliyekuletea habari nusu ni binamu yako Shabani, ambaye alisimamisha lori lake hapa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akaondoka na maneno ya kutosha kunivunjia nyumba.

Baada ya tangazo, salamu. U hali gani? Zubeda na mdogo wake hawajambo? Mguu wa mama umepata nafuu, au bado anaisingizia mvua? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na kukonda kwangu hakukunifaa kitu, kama utakavyoona.

Mkuu wetu wa ulinzi, ambaye sote tunamwita Afande, alipelekwa kozi ng'ambo, akarudi na masanduku mawili na wazo moja. Wazo lenyewe ni kwamba mbwa wetu wa hapa wamezoeana mno na watu. Basi aletwe dume wa ukoo bora kutoka huko, azae na majike wetu wawili, na kizazi kitakachotoka kisijuane na mtu. Akatafutwa mlinzi anayejua kusoma, maana mbwa alikuja na karatasi nyingi kuliko zangu za kazi. Humo ameandikwa baba yake, babu yake na baba wa babu yake, kila mmoja na medali yake. Mimi nikivuka babu mmoja nafika porini.

Afande akaniambia, "Ramadhani, watoto wakizaliwa nakupa nyumba ya vyumba viwili, umlete mama watoto. Wasipozaliwa, nitajua kuna mkono wa mtu." Aliposema mkono wa mtu alikuwa anautazama wangu.

Kwa hiyo ujue, mke wangu, kukaa kwetu pamoja baada ya miaka yote hii kulikuwa kunamngoja mbwa.

Mwenyewe aliteremshwa kwenye kindege cha mgodi, akatutazama sote, akalala. Hakubweka siku ile, wala wiki ile. Unajua nilivyo: mtu mkimya simwamini, sembuse mbwa. Anayebweka umeshajua mawazo yake. Huyu aliweka kidevu juu ya miguu akatuangalia kama hakimu anayengoja mashahidi wajichanganye. Nikamwogopa. Nikawa namwogesha kuanzia shingoni kwenda mkiani. Kichwa namwachia Mungu. Sahani yake naiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Sabuni yenyewe haipatikani, udongo upo tele.

Jirani yangu Lukas, aliyechimba dhahabu Nyarugusu kabla ya kuja huku, alinivuta pembeni. "Huyo hanusi mfukoni," akasema. "Ananusa tumboni."

"Tumboni kuna nini?"

"Wewe mtu wa Korogwe. Kaa hivyo hivyo."

Kesho yake watu wa shimoni wakawa wanalipita banda kwa mbali, mikono juu ya matumbo kama waliomeza almasi, hata wale ambao nina hakika tumboni mwao mlikuwa na ugali mtupu. Afande akafurahi sana. Akaandikisha kibao: MBWA MKALI.

Taabu ikaja kwenye chakula. Sisi tunapanga foleni ya sukari dukani, mbwa anapewa maziwa na kilo ya nyama kila siku. Maziwa alimaliza. Nyama aliilamba, akaigeuza, akailamba upande wa pili, akaiacha. Nikajua: ameshtukia sumu. Nikaanza kumshuku mpishi, halafu Lukas, halafu mpishi tena. Nyama iliyobaki nikawa naifukia nyuma ya banda, maana ukionekana umeshika nyama ya mbwa utajieleza vipi? Kumbe ukionekana unaifukia, maelezo ni magumu zaidi.

Afande akaja hadi chumbani kwangu. Alifunua sufuria yangu. Akaninusa mikono. Mbwa mwenyewe hajawahi kuninusa hivyo.

"Mbwa anakonda," akasema.

"Hata mimi, Afande. Tazama mkanda."

"Usinitanie. Na majike je?"

Majike walimzunguka, wakamtikisia mikia. Yeye akawapisha kama mzee anavyowapisha kina mama mlangoni, akaenda kulala kwingine. Miezi miwili.

"Nani amekutuma?" Afande akauliza. "Wezi wa almasi wamekuahidi nini?" Jumatatu nikatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kamati ikikaa, kazi imekwenda, nyumba imekwenda, na mimi narudi Korogwe na habari ambayo Shabani ameshaitangulia.

Jumamosi akaja Mzee Masanja, Msukuma anayetuletea ng'ombe wa kuchinja. Alinikuta mimi na Afande tumesimama bandani, hatusemezani.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaniamkia kwa Kisukuma kama mwanawe. "Nani amefariki?"

Nikamweleza yote. Akamtazama mbwa. "Mlimfungua mdomo?"

"Mdomo wa nini?" Afande akasema. "Huyu ana karatasi."

"Hata ng'ombe wa wizi ana karatasi. Mnadani kwetu hatutoi hata shilingi bila kuona meno."

"Atakung'ata, Mzee."

"Kwa kitu gani?"

Akaingia, akachuchumaa, akakishika kile kidevu na kuinua mdomo kama mtu anayefunua chungu. Mbwa alimwachia tu. Mdomoni mlikuwa na meno mawili, yote upande mmoja, ya manjano, na moja linacheza. Kumbe zile nyama alikuwa anazitamani, hana cha kuzitafunia.

"Huyu ni babu," Masanja akasema, akifuta vidole kwenye shuka. "Mpeni uji. Wajukuu anao tayari huko kwao, kwenye hizo karatasi."

Afande akamwambia kuwa alichokiona ni siri ya mgodi. "Meno?" Masanja akauliza, akaenda kutafuta ng'ombe wake.

Jumatatu kamati haikukaa. Jumanne Afande akanipa ufunguo wa nyumba ya vyumba viwili, bila mimi kuuliza, na mimi mtu akinipa kitu bila kuombwa silali vizuri. Nikamwuliza kama huko ng'ambo mbwa alimchagua yeye mwenyewe. Akaniuliza kama naipenda nyumba.

Naipenda. Shule ikifungwa pandeni treni. Wanawake wa bombani watakuuliza kama mbwa wa mumeo ni mkali; waambie mumeo mwenyewe anamwogopa. Shabani usimwambie chochote.

Msalimie mama mkwe, na kaka yako fundi cherehani, na mwalimu wa madrasa wa watoto, na jirani yetu wa mashine ya kusaga ambaye najua barua hii ataisikia kabla hujafika mwisho wake. Zubeda mwambie ataiona ndege kwa karibu.

Ni mimi mumeo, niliyesingiziwa pande mbili,
Ramadhani.

Nilisahau. Nyumba yenyewe ni ile iliyoungana na banda. Afande hataki watu wamwone mbwa akinywa uji, kwa hiyo chumba cha pili atalala mbwa mwenyewe.