Ushindi yenye haitoke mu telefone

Siku ya ine, mangaribi.

Mu mutaa yetu yote ya Kampemba, hakuna application ya kamari yenye inaweza kunidanganya miye. Hata bapolisi ya Likasi banakuyaka kuniuliza.

Leo Thérèse, dada yangu mudogo, aliingia anacheka, telefone mu mukono. Application yenye bantu benye hajue balimutumia mu WhatsApp ilimuonyesha kama ameshinda. Lakini inaomba atume kwanza frais, feza ya kufungula ushindi, ndiyo imupatie feza yake. Alitaka kutuma likelemba, feza ya zamu yenye bamama wenzake bamemupa jana, ile ya kununua samaki ya kukauka kule Pweto.

Nikamuuliza, "Thérèse, muntu mwenye iko na deni yako, unamulipa wewe kwanza ndiyo akulipe?"

Akasema, "Yaya, unajuaje? Wewe hauchezake."

"Miye nilizaliwa na macho ine."

"Na yote ine haione bila lunettes!"

Lakini aliifuta ile application palepale. Akanipikia bukari ya unga ya muhindi, akanisifu mbele ya muke yangu mpaka majirani bakasikia. Nilikula. Sikusikia utamu, sikusikia furaha. Roho iko tu, kama kiti yenye hakuna muntu anaikalia.

Sikumwambia namna nilijua.

Ile application iko mu telefone yangu pia. Frais nilituma, bakaomba ingine, nikatuma. Najua ni uongo. Lakini kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, ninaifungula kuangalia kama ushindi wangu ungali pale.

Na leo, Thérèse alipoenda kuosha sahani, niliangalia tena.