Miaka Aliyonipunguzia Baba

Oakdale, Minnesota

Kwa Kaka Hamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta maumivu ya goti yamepungua, na wifi Zaina amerudi salama kutoka hospitali. Mimi mwili ni mzima. Mengine nayaeleza kwa maandishi, maana kwenye simu hasira yako haikuniacha nimalize sentensi.

Tangu Idrisa afariki, ninakaa eda katika nyumba yetu. Jengo hili, kama ujuavyo, ni la watu waliotimiza miaka hamsini na mitano. Sheria ya makazi ya huku inamkataza mwenye nyumba kuwabagua wenye watoto, lakini imeyaachia majengo ya wazee, kwa sharti kwamba angalau nyumba nne katika kila tano ziwe na mkazi aliyefikia umri huo. Kwetu mkazi huyo alikuwa Idrisa. Mimi, kwa vyeti vyangu, bado sijaufikia.

Msimamizi wa jengo, Bi Karen, alikuja mlangoni akiwa na maua.

"Pole sana, mama. Nafasi za walio chini ya umri zimejaa. Mkataba ukiisha mwezi huu, siwezi kuuongeza."

"Hata nimalize eda tu?"

"Nikikuruhusu wewe, nitamkataliaje mwingine? Jengo zima litapoteza hadhi yake."

Nimeisoma sheria mwenyewe. Kiwango chenyewe wenye jengo wamekiweka juu kuliko inavyodai, na hilo wanaruhusiwa.

Wewe na mimi tunajua kwamba umri huo nimeupita. Ule ugonjwa wa utotoni ulinichelewesha hadi nikavuka umri wa kuanza shule. Watoto wengine walijinyoosha ili mkono upite juu ya kichwa na kushika sikio la pili. Mimi Baba alinifundisha kulikunja bega nilifikie kwa shida, nionekane nimetimiza umri juzi tu. Mwalimu mkuu akaandika mwaka alioutaja Baba, na mwaka huo umenifuata hadi huku.

Mwanaisha, yule rafiki yangu wa Mombasa mwenye duka la nguo mtaa wa Cedar-Riverside, aliniletea chakula, akasikia kisa chote.

"Ajabu yako, shoga! Wenzio twapaka hina tufiche mvi, wewe walilia uzee!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikaona haya.

Ulisema, "Kesho naenda mahakamani kuapa! Nimekubeba mgongoni, nani atanibishia?" Hakuna, kaka, na hapo ndipo penye hatari. Siku nilipopewa uraia niliapa kwa tarehe ya Baba. Kiapo chako cha kweli kitakifanya changu kuwa cha uongo, na hapo sitagombania nyumba tena, bali haki ya kuishi katika nchi alimozikwa Idrisa. Tafadhali usiende.

Eda nitaimalizia kwa Mwanaisha. Shekhe amesema anayehamishwa kwa lazima hana dhambi. Hoja nimeielewa na kuikubali, ila haijanituliza. Jana mafundi walikuja kupima chumba alimofia Idrisa, watandike zulia jipya. Walivua viatu bila kuambiwa.

Msalimie wifi Zaina, na wanao wote. Shangazi Mwanahawa, aliyebaki peke yake upande wa Baba, mwambie tu kwamba nimehama. Sababu usimtajie. Atamlaumu marehemu Baba, naye alitaka nisome tu.

Mdogo wako,
Rukia