Kaka Anataka Mashine Imtaje Mkewe Chini ya Buibui

Mpendwa Bi Barka,

Nakuomba msaada, na tafadhali usinijibu kwa upole, kwa sababu upole nimeupata kwa mama, kwa mama mdogo na kwa rafiki yangu wa chuoni, na haukunifaa kitu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Langoni, huku kisiwani, nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha bara, na mwisho wa mwezi huu natakiwa nisimame mbele ya walimu niitetee tasnifu yangu, ila huenda nisisimame, sababu ni kaka yangu, na sababu nyingine ni mimi mwenyewe, kwa hiyo acha nikueleze yote halafu unihukumu.

Utafiti wangu ni kuifundisha kompyuta imtambue mtu kwa mwendo, yaani si kwa uso wala kwa sauti, ni kwa namna anavyotupa mguu na anavyoyumbisha bega, na wazo hili sikulitoa kitabuni, nililitoa kwetu, maana kila mtoto wa Langoni humjua mama yake kwa mbali katikati ya kundi la wanawake waliovaa buibui na ninja za kufunika uso, humkimbilia yeye na hakosei, nami nilipomwambia msimamizi wangu, Dakta Philip, kwamba kwetu watoto wa miaka mitatu wanafanya kazi inayozishinda kompyuta, alicheka akaniambia basi nenda ukaifanye hiyo.

Nikarudi nyumbani nikawaomba wanawake tisa, jamaa na majirani, wapite mbele ya kamera yangu katika uchochoro ulio nyuma ya nyumba yetu, wakakubali, tena kwa furaha, wanapita huku wanacheka na kusukumana nani aanze, na mama yangu mdogo, Bi Nana, ambaye ndiye niliyemwogopa, alisema, "Uso hauonekani, sauti haisikiki, hapo mtu atayua ni nani?" nami nikamjibu kweli, hakuna atakayejua, niliyasema hayo ilhali kazi yangu yote ni kuifanya mashine ijue, na wakati ule sikuona hata kidogo kwamba nimewadanganya.

Mmoja wa hao tisa ni wifi yangu Hadil, mke wa kaka yangu Shukri, na Shukri ndiye mkubwa wetu tangu baba alipofariki, hakuna linalopita nyumbani asilolijua.

Sasa siku programu ilipoanza kufanya kazi sawasawa nilikuwa sebuleni, kila mwanamke akipita kwenye kioo cha kompyuta jina lake linatokea juu ya kichwa, nami nimefurahi nimejisahau, Shukri akaja akasimama nyuma yangu, akaona buibui jeusi linapita na juu yake limeandikwa Hadil, akaniuliza, "Imeyuaye?" nikamweleza mwanzo mpaka mwisho kwa kujisifu, akasikiliza vizuri sana, kuliko alivyowahi kunisikiliza maishani mwangu.

Kesho yake akanitumia video kwenye simu, imetoka kwenye kamera ya duka la rafiki yake, inaonyesha mwanamke aliyejitanda mwili mzima anaingia katika nyumba moja wanayopangishwa wageni, na siku hiyo Hadil alituaga kwamba anakwenda kwao Matondoni kumwangalia mama yake, Shukri akaniambia, "Hakuna maneno mengi, itie hini kwenye mashini yako uniambie ni nani."

Nikakataa, nikamweleza kwamba programu yangu inawajua wanawake tisa tu na haijui kusema simjui, ukiipa mtu yeyote lazima imchague mmoja kati ya hao tisa, mimi mwenyewe simo katika tisa lakini nilipojipitisha kwa majaribio iliniita Bi Nana, kwa hiyo jina itakalotoa halina maana yoyote, akanijibu, "Kama haiyui kitu, huko chuoni wakupa shahada ya nini?" nikaenda zangu chumbani, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo hasira zinanipanda.

Tangu siku ile ameniambia nisiguse begi langu, hakuna kurudi chuo mpaka niitie ile video, na nikikataa anasema, "Basi wewe na yeye mwaficha kitu kimoya." Mama ameniambia nimpe atakalo nipate ndia yangu niende zangu. Rafiki yangu Israa, tunayesoma naye, ameniambia, "We mpatie tu jina ingine, hatajua, kwani yeye anajua kompyuta?" Na Hadil mwenyewe hana habari, ananipikia, ananiuliza tasnifu imefika wapi, ananiombea dua nifaulu, na mimi siwezi kumtazama machoni.

Bi Barka, nimekasirika na sitaki kutulia. Nimeamua nifute kila kitu, zile video, programu na tasnifu yenyewe, nimwandikie Dakta Philip kwamba nimeacha, kisha nimkabili kaka nimwambie hakuna mashine, hakuna jina, nenda kamtafute mwingine wa kukupelelezea. Najua nitapoteza miaka miwili ya jasho langu lakini angalau nitakuwa sikuinama. Nimebakiza kubonyeza tu. Nibonyeze?

Sitaki,
Langoni

*

Sitaki, mdogo wangu,

Usibonyeze. Ondoa mkono hapo, ukae tuzungumze.

Jina ulilojipa limenifurahisha, na hasira yako nimeipenda. Hiyo hasira ni haki yako na mimi sikuombi uizime, nakuomba uielekeze panapostahili, maana kwa sasa umejielekezea mwenyewe. Hebu fikiri. Ukifuta kila kitu leo, nani atakuwa ameshinda? Kaka yako alisema hurudi chuo, nawe hutarudi chuo. Kaka yako anasema mnaficha jambo, nawe utakuwa umefuta vyote, na maisha yake yote atasema dada yangu aliharibu ushahidi ili kumkinga mke wangu. Hadil atabaki na doa ambalo hakuna wa kulisafisha, na doa hilo umelikoleza wewe kwa mkono wako. Huko si kukataa kuinama. Umesusa, basi.

Na huyo Israa mwambie namsalimu, na ushauri wake akae nao. Utampa kaka jina jingine, sawa, lakini jina la nani? Mashine ina wanawake tisa. Utamtoa nani badala ya Hadil, Bi Nana? Jirani yako mwenye mume mkali? Na ukishamtajia jina moja, wiki ijayo ataleta video nyingine. Kisha atawaambia wenzake barazani, na utaona wanaume wa mtaa mzima wamepanga foleni mlangoni kwenu, kila mmoja na simu yake mkononi. Utakuwa umefungua ofisi.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulipomkatalia kaka yako ulimwambia nini? Ulimwambia mashine inakosea. Ni kweli inakosea, hata yeye mwenyewe akijitanda buibui apite mbele ya kamera itampa jina la mwanamke, na ningelipa nauli nije nilione hilo. Lakini umesikia ulichomwambia? Umemwambia kwamba siku itakapoacha kukosea, atakuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo maana alikupa lile jibu la shahada likakuziba mdomo. Ulijitetea kwa ufundi, naye jambo alilokuomba si la ufundi. Hata mashine yako ingekuwa haikosei tangu iumbwe, jibu lilikuwa ni lile lile, hapana. Wifi yako alipita mbele ya kamera ili kukusaidia kusoma. Hakupita ili afuatwe.

Na hapo ndipo kosa lako lilipo, kosa la watu wa kwetu. Tumezoea kwamba mwanamke akishajitanda amesitirika, basi hukuona kama unachukua kitu. Wewe mwenyewe unaandika kwamba mtoto wa miaka mitatu anamjua mama yake ndani ya buibui, halafu ukamwambia mama yako mdogo hakuna atakayejua. Sikuiti mwongo, kwa sababu nakuamini uliposema hukuona. Lakini sasa umeona. Huwezi kujirudisha kutokuona.

Kaka yako sitamtukana. Mwanamume aliyeingiwa na shaka juu ya mkewe hali, halali, na maumivu yale ni ya kweli, Mwenyezi Mungu amwondolee. Lakini dini yetu imekataza kupelelezana, na jambo zito kama hilo limewekewa mashahidi wenye macho na wenye kuogopa kusema uongo. Mashine yako haiogopi chochote, na umesema mwenyewe inalazimika kutaja jina hata kama haimjui mtu. Akawaulize masheikh wake kama huyo ni shahidi. Mwambie hivyo kwa adabu, umwite kaka kama unavyomwita siku zote, na usiinue sauti. Kisha usimwambie kingine.

Kwenda chuo utakwenda. Nafasi ile imeandikwa jina lako, walimu wanakungoja wewe, na umri wa kufungiwa begi umeupita kitambo. Lakini usitoroke kama mwizi, maana ukitoroka atapata la kusema. Kaa na mama yako peke yenu. Yeye amekuambia umpe kaka atakalo kwa sababu anaogopa kelele za nyumbani, na sidhani kama amefikiri kwamba anachokuomba ni kumfedhehesha mkwewe, binti wa watu ambaye yeye mwenyewe alimpokea nyumbani kwa mikono miwili. Mwambie kwa maneno hayo hayo. Halafu mtafute mjomba, au mtu mzima yeyote ambaye Shukri humsikiliza, azungumze naye. Mama akisharidhia, akusindikize mpaka gatini, boti zinapoondokea, mchana kweupe, watu waone umeaga.

Dakta Philip mweleze yote, na usimpunguzie hata kidogo. Mtu aliyecheka akakwambia nenda ukaifanye lazima ajue ilikofika. Tasnifu yako haijafa, na mimi nisiyejua kompyuta naona ndiyo kwanza inaanza. Umetengeneza kitu kisichojua kusema simjui. Kaa nacho ukifundishe neno hilo. Andika humo, kwa majina ya kubuni, jinsi mtu mmoja alivyotaka kukitumia kabla hujamaliza hata kukitengeneza, ili wale watakaotaka kukinunua wasome kabla ya kuuliza bei. Ukichelewa muhula mmoja, chelewa. Wako waliochelewa zaidi kwa sababu za kipuuzi.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kuna moja la leo, na nitakuwa mkali, kwa sababu ndilo lililonikera katika barua yako. Umezungumza habari za Hadil na mumewe, na mama, na mama mdogo, na rafiki aliyeko bara, na sasa umeniandikia mimi ambaye hujawahi kuniona. Mtu mmoja tu hujamwambia, na ndiye anayekupikia chakula. Unasema huwezi kumtazama machoni. Mtazame. Nenda jikoni sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma, umwambie kaka ameleta nini, umekataa nini, na uliwaambia nini siku ile uchochoroni ambacho hakikuwa kweli. Usimuulize alikuwa wapi. Hilo si lako. Atalia, au atakutukana, au atafunga virago arudi Matondoni, na lolote atakalofanya utalivumilia, kwa sababu ni mwili wake mliokuwa mkiujadili.

Kisha waite na wale wanane. Waeleze mashine inafanya nini hasa, kwa Kiamu cha nyumbani, bila maneno ya chuoni, na uwaonyeshe majina yanavyotokea juu ya vichwa vyao. Anayetaka video yake itoke, ifute mbele yake aone. Wakitaka zote zitoke, toa zote, rudi kwa Dakta mikono mitupu uanze upya na watu wanaojua wanatoa nini. Kufuta kwa namna hiyo nitakupigia makofi. Kufuta kwa hasira, peke yako chumbani, bila kuwaambia wenyewe, ni kuwachukulia mara ya pili.

Na kaka yako akikuuliza tena mashine imesema nini, mwambie haijaulizwa wala haitaulizwa. Kama ana swali, ana mke, na mke ana mdomo.

Bi Barka

*

Jibu hili lilimfikia mwandishi wa barua kwa simu kabla ya kwenda mitamboni, na gazeti lilikataa kuchapa neno hata moja mpaka wifi yake asome barua zote mbili. Alisoma. Wawili kati ya wale tisa wameomba video zao zifutwe na zimefutwa. Wengine wamekubali zibaki chuoni tu. Mwandishi amerudi kwenye masomo yake, na kaka yake bado hasemi naye. Majina yote hapa yamebadilishwa isipokuwa moja. Tulimwambia Hadil kwamba tutambunia jina, akakataa. "Liwekeni langu," alituambia. "Mume wangu atake kuyua niliko, aniulize mimi. Nipo."